Togwa Iliyopanda Ndege

Mdogo wangu alijifungua Dar es Salaam, mtoto wake wa kwanza, na maziwa yakagoma kutoka. Mumewe akanipigia simu dukani kwangu Majengo, Songea, sauti imemkauka: mtoto analia, ya kopo anayatapika, na mzazi anataka togwa ya mama tu, ya kuleta maziwa. Nikasema basi, nitampeleka mama, faida ya vitenge iende na ndege. Enzi hizo kila mtu alikuwa anafungua duka, hata mimi, kwa hiyo kiburi kidogo nilikuwa nacho.

Habari za ndege mama hakuzisikiliza. Kwake Dar ilikuwa ni basi: unatoka Songea alfajiri, miguu inavimba, kesho yake ndiyo unafika. Na togwa ya safari ilipikwa kwa hesabu hiyo. Unakoroga uji wa mahindi, ukipoa unatia kimea cha ulezi, unaujaza kwenye dumu ungali uji tu, uchachuke wenyewe njiani. Ukiutengeneza mapema, unafika siki. Akina mama wote wa kwetu Ruhuwiko walifanya hivyo, na sikumbuki aliyekosea.

"Mama, ndege haimalizi hata masaa mawili," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Kwani Dar imesogea?"

Asubuhi tukapanda ndege ndogo ya mapangaboi, dumu amelipakata, hataki mtu aliguse. Akafumba macho akisali. Alipoyafumbua, bahari hii hapa.

"Tunashuka wapi huku?" akauliza, akiwa mkali kabisa. Nilicheka mpaka abiria wakageuka.

Mdogo wangu alitupokea akiwa kitandani, macho yamevimba kwa kulia. Hata shikamoo aliitoa huku kanyoosha mkono kuomba kikombe. Akapiga funda moja, akakunja uso.

"Mama, huu si uji?"

Mama akanusa dumu. Jamani, nilimwona akinywea. Njia nzima alikuwa na hofu moja tu, mjukuu wake asije akafa njaa, na sasa amemletea mzazi uji ambao haujachachuka. Mtoto naye anapiga kelele nyumba nzima.

"Ndege yako imeniumbua," akaniambia, na hakuwa anatania.

Lakini joto la Dar si la kwetu. Tuliliweka dumu juani uani, mama akakaa kando yake kama anauguza, kila mara anafungua kifuniko na kunusa. Jua lilipoanza kushuka, povu likapanda. Mdogo wangu akanywa, akaongezwa, akaomba tena. Asubuhi mtoto akanyonya hadi maziwa yakamchuruzika shingoni. Nikapiga vigelegele, majirani wakaja kuchungulia.

Mama hakupiga. Alikuwa anamtazama tu mdogo wangu, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Miaka yote tangu uolewe nakulilia kama mtu aliyepotea," akasema. "Kumbe uko hapo tu, hata togwa haiwahi kuiva."