Mkanda Usio na Betri

Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya Rwamgasa miaka kumi na minne, na ukijumlisha siku zote tulizokaa pamoja katika kipindi hicho, sidhani kama zinafika miaka miwili. Alikuwa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa kulisha mawe na kukinga unga. Mimi nilibaki Ibadakuli na cherehani yangu, nikalea watoto wawili ambao sasa wana miji yao mbali. Alikuja Krismasi, akaja wakati wa mavuno, nikamfulia nguo ambazo maji yake ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, akaondoka. Siwezi kusema nilikuwa mpweke. Nilizoea.

Aliporudi moja kwa moja alikuwa na begi moja na kikohozi. Hospitali walianza na dawa za kifua kikuu. Akamaliza dozi, kikohozi kikabaki. Baadaye daktari akatuonyesha picha ya mapafu yake, akasema lile ni vumbi la mawe, limekaa humo na halitoki, na dawa ya kulitoa hana. Nikamuuliza nimpikie nini. Akasema chakula cha kawaida. Tukapita sokoni, nikanunua nyanya, tukafika karibu na nyumbani nikakumbuka nimesahau mchele, nikamwacha akae kivulini nikarudi kuufuata. Siku ile naikumbuka kwa ule mchele.

Daktari huyo ndiye aliyemwelekeza kwetu mtafiti mmoja. Alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Akaniamkia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema wanafanya majaribio ya sensa kwa watu waliofanya kazi kwenye vumbi. Nikadhani serikali inahesabu watu tena, nikamwambia humu ndani tupo wawili. Akatabasamu kidogo, akaeleza kwamba sensa yake ni kifaa kinachohisi pumzi, na tangu hapo mbele yangu alitumia neno kihisi.

Alitoa kwenye bahasha utepe mweusi, mwembamba kama lastiki ya sketi. Alisema ni mpira uliochanganywa na chembe ndogo mno, ambazo hata hadubini ya shuleni haizioni, na kwa sababu ya mchanganyiko huo utepe ukivutwa na kuachiwa huzalisha umeme wake wenyewe. Umeme huo hauwezi kuwasha taa, lakini ukikusanyika unatosha kutuma habari kwenye simu. Mtu akiuvaa kifuani, kila pumzi inauvuta. Hauna betri wala hauchajiwi. Nia yao ilikuwa kwamba siku moja wachimbaji wauvae wakiwa kazini, pumzi ikianza kubadilika wajue mapema. Kwa mume wangu mapema ilishapita, alilisema hilo wazi, lakini walihitaji kuona kifua kilichoumia kinaandika nini.

Mume wangu alikubali kabla yule binti hajamaliza kueleza. Nadhani alichoka kukaa tu.

Mikanda ya kuushikilia utepe kifuani waliyokuja nayo iliwachubua watu. Yule binti alipoiona cherehani akauliza kama naweza kushona mingine. Nikaenda mjini kwenye duka la vitambaa la familia ya Kihindi, ambako nimenunua tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Mama mwenye duka akauliza nashona nini. Nikamwambia mkanda wa kifua, wa mgonjwa. Hakuuliza zaidi, akanishushia pamba laini kutoka rafu ya juu. Nikashona mfuko mwembamba katikati, utepe ukaingia vizuri, na kwa nyuma nikaweka ndoano tatu ili mkanda uweze kupunguzwa.

Asubuhi ya kwanza nilipomfunga aliinua mikono kama mtoto anayevalishwa. Sikuwa nimemgusa mgongo siku nyingi. Akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Nami nikamwambia asante. Tulikuwa hivyo, watu wenye adabu.

Kwenye simu waliyotuachia palikuwa na mstari unaopanda na kushuka. Nilikuwa nashona sare za shule, nautazama, narudi kwenye mshono. Alipopanda ngazi tatu za mlangoni milima ya ule mstari ilisongamana. Alipolala ikawa mipana. Kwa kweli niliyajua mambo yake mengi zaidi kupitia ule mstari kuliko kwa mdomo wake.

Baada ya wiki kadhaa mstari ulianza kukatika. Kwanza dakika chache, halafu saa nzima. Nikapiga simu, akaja fundi wao akabadilisha utepe. Ukafanya kazi siku mbili, ukanyamaza. Wakaleta wa tatu. Mimi kwa akili yangu ya ushonaji nikaona mkanda umelegea, kwa sababu alikuwa anakonda. Nikahamisha ndoano ndani. Wiki iliyofuata nikahamisha tena. Hakulalamika. Siku nilipomwogesha nikakuta alama nyekundu imemzunguka kifua chote, nikasimama pale na sabuni mkononi. Nikajua nilipaswa kusikia kitu moyoni. Nikampaka mafuta, nikalegeza ndoano.

Yule binti alikuja mwenyewe na utepe wa nne. Nao haukuandika chochote. Akautoa, akaugeuzageuza, kisha akaniomba niuvae mimi juu ya gauni. Nikauvaa. Simu ikaanza pale pale kuchora, milima mizuri iliyopangana, mmoja baada ya mwingine. Sote watatu tukaitazama.

"Mama, utepe ni mzima," akasema.

"Basi shida ni nini?"

Akamtazama mume wangu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, halafu akaamua kumwambia yeye badala yangu. "Baba, utepe huu unaishi kwa kuvutwa. Kifua kisipotanuka vya kutosha, haupati umeme wa kutuma. Hauandiki kitu, lakini haujaharibika."

"Kwa hiyo kibovu ni mimi," mume wangu akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama fundi wa karasha aliyetafuta hitilafu mchana kutwa na hatimaye ameipata.

Yule binti akaanza kulia, akaomba radhi, akatoka nje kujifuta. Mimi nilikuwa bado nimevaa mkanda na simu ilikuwa inaendelea kuchora pumzi zangu. Nikauvua. Nikamuuliza mume wangu kama niurudishe kwa wenyewe.

"Uache," akasema. "Nimeuzoea."

Nikamfunga, kwenye ndoano iliyolegea kuliko zote. Akauvaa hivyo hivyo, bila kuandika kitu, wiki tano zilizobaki.

Alifariki asubuhi, nikiwa nachemsha uji. Ndugu zake walikuja kutoka Ushirombo, nyumba ikajaa. Wanawake walinitazama nikigawa vikombe na nilijua wanachosema, kwamba sijalia. Sikuwa najikaza. Nilingoja kilio kama mtu anavyongoja mteja aliyesema atapita, na hakikuja. Binti yangu alilia kwa ajili yetu wote wawili. Sijui hata leo kama nilikuwa na huzuni iliyojificha au kama miaka kumi na minne ilikuwa imeshaimaliza kidogo kidogo, kila alipopanda basi.

Baada ya arobaini mtafiti alirudi. Aliomba ruhusa ya kutumia maandishi ya kifua cha marehemu, nikaweka sahihi. Akaniambia kwamba kimya cha ule utepe ndicho kilichowafundisha. Wamebadilisha mchanganyiko, utepe mpya ni laini zaidi, unaamka hata kwa pumzi ndogo. Akanipa niushike. Kwa mikono yangu ulikuwa sawa na ule wa zamani, labda mwepesi kidogo.

Akauliza kama bado nitawashonea. Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza mkanda wa kwanza atauvaa nani. Akasema ni mwanaume mmoja wa Rwamgasa, bado yuko kwenye karasha, ameanza kukohoa lakini hataki kuacha kazi.

"Kifua chake ni inchi ngapi?" nikamuuliza.

Akafungua daftari akanitajia. Nikatandaza kitambaa mezani, nikapima, nikaweka alama kwa chaki.