Chakula cha Wiki Chini ya Turubai

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua duka langu hapa Wandegeya, kijana mkubwa wa mama jirani yangu akaja akasimama mbele ya magunia. Akasema, "Mzee, mama ametuacha." Alifia hospitali ya Mulago, alfajiri. Nauza unga na maharage tangu nilipoacha kubeba magunia ya watu mgongoni. Darasa la nne sikulimaliza, lakini duka ni langu, na wateja nimezika wengi. Huyu ameniuma. Alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini, akiishi kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya duka, na Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kambini, hakina mapambo.

Miaka kadhaa nyuma walimjia wageni wa ng'ambo. Kazi yao ilikuwa kupiga picha familia za nchi mbalimbali, kila moja na chakula chake cha wiki, ili watu walinganishe nani anakula nini na anatumia kiasi gani. Walimwonyesha picha za wenzake: huku meza imejaa maboksi na soda, kule mfuko mmoja wa nafaka. Akazitazama sana, akauliza, "Na wageni wao wanakula wapi?" Walipomwuliza matumizi yake ya wiki, akasema ya wiki hayajui, yeye hununua ya leo. Basi wakanunua wenyewe, tukapanga uani mikungu ya matoke, gunia la posho, yaani unga wa mahindi, maharage, karanga, dagaa. Jua lilikuwa kali, wakafunga turubai juu.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, ukiona turubai uani na chakula kingi namna ile, huulizi: pana msiba. Na mumewe wakati ule alikuwa vitani, nje ya nchi. Jirani mmoja akaona, akaja na kuni kichwani, akazitua, akaanza kulia. Wengine wakafuata. Mama mwenyewe alikuwa ndani anavalisha watoto nguo za picha. Alitoka bila viatu, akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Wamekuambia wewe kwanza?" Nikamwambia hapana, mama, mumeo mzima, ni turubai tu. Hakuamini mpaka alipompata kwenye simu na kumsikia akikohoa.

Akafuta uso, akawageukia wale wanawake. "Mmekuja kunililia. Hamtaondoka na njaa." Wakaketi kumenya matoke, na hadi jioni ile wiki nzima ilikuwa imeliwa. Wageni, wamechanganyikiwa, wakauliza familia yake ni watu wangapi. Yule wa kuni akawajibu, "Andikeni sisi wote, na huyu mzee wa duka mumhesabu mara mbili."

Mumewe alirudi salama, na ndiye aliyemzika juzi. Vile vyumba vilishabomolewa, pakajengwa hosteli, majirani wakatawanyika. Msibani chakula kilikuja kwa gari, kimepikwa tayari, kikabaki. Mumewe, mzee wa watu, alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, na waliopita barabarani walipita.

Wanangu mwenyewe, huko wanakoishi Kansanga, hununua chakula cha wiki, wakajaza friji, wakafunga geti. Siwalaumu, friji si dhambi, hata mimi ninayo. Ila nawaambia ninyi kama ninavyowaambia wao: mjueni anayelala upande wa pili wa ukuta, mle naye angali hai. Siku yenu ikifika, ukuta hautawalilia.