Fimbo za Kaka Yake Daktari

Daktari wa meno mstaafu akiingia dukani, mama muuza fimbo za gofu za mtumba huacha kufuta vumbi ili amtazame vizuri. Kila fimbo huigonga kichwani kwa ukucha, kisha huitegea sikio, utadhani ameiuliza panauma wapi. Hupenda zile nzito za chuma, za vijana wenye mabega. Huinyanyua moja, huvuta pumzi, halafu huirudisha taratibu huku akificha kidole gumba kilichovimba. "Nzuri, ila rangi yake siipendi," husema, na fimbo zote pale ni za kijivu.

Jumamosi moja alisogelea fimbo nyepesi zenye mpini mnene, akakohoa. "Hizi zingemfaa kaka yangu. Amekula chumvi nyingi, maskini."

"Pole yake," alisema mama, akijing'ata ulimi asicheke. "Hebu mjaribie, Daktari."

Akashika moja. Vidole vilivyokuwa vikigoma kukunjika vikaukumbatia mpini bila kulalamika. Akapiga mpira, ukaenda moja kwa moja katikati ya wavu wa majaribio uliotundikwa pembeni mwa duka. Daktari akabaki amesimama, machozi yakimlengalenga.

Mara mkewe akaingia, amechoka kungoja nje.

"Namnunulia kaka," Daktari akamwahi.

"Kaka yupi tena, mume wangu? Wewe si ndiye kifungua mimba kwenu?"

Mama akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari akaivutia fimbo kifuani.

"Usinifungie," akamwambia mama muuza fimbo. "Naondoka nayo hivihivi mkononi."