Pazia la Majani ya Kingsbury

Kilichonitoa Tanga kwenda London, mwishoni mwa miaka ya tisini, ni pazia. Lile la studio yangu, lenye maporomoko ya maji, lilikuwa limepauka vibaya, na maharusi walishaanza kuvuka barabara kwenda kupigwa picha kwa jirani. Nikatangaza mtaa mzima kwamba nakwenda kupiga picha miti ya Ulaya msimu wa majani kubadilika rangi, mchoraji wangu aikuze kwenye kitambaa, na jirani atajiju. Mimi si mtu wa maneno madogo. Mama alikuwa na lake moja tu. "Huko kwenye miti yako, mpige na dada yako picha. Mwaka wa saba huu simwoni." Nikamwitikia huku nikipanga filamu zangu.

Uwanja wa ndege wa London, asubuhi. Dada Mwanaidi alinipokea na koti mkononi. "Vaa, Rashidi, acha ubishi." Alikuwa amekonda, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na bila hizo akitoka nchini asingeruhusiwa kurudi. Alikuwa akitunza wazee kwenye makao yao, na amepanga chumba mtaa wa Kingsbury, juu ya duka la viungo la Mgujarati mmoja mzaliwa wa Kisumu, aliyenisalimia kwa Kiswahili kabla sijatua begi.

Jumamosi, saa nane mchana. Dada alinipeleka kwenye bustani ya karibu, na hapo nikauona mti wangu. Ulikuwa mkubwa, juu dhahabu, kiunoni mwekundu, chini bado kijani, umeiva nusu kama embe. Nikafungua stendi ya kamera, nikapima, kisha nikaikunja. Jua lilikuwa nyuma ya mawingu, na picha ya pazia hupigwa jua likiwa mgongoni, ndivyo nilivyofundishwa.

"Piga tu," dada akasema. "Siku mbili tatu hizi ndizo zenyewe."

"Kesho jua litatoka. Kwani mti utakwenda wapi?"

Tuliporudi, mwenye duka aliniuliza kama nimepiga. Nikamwambia kesho. Akaacha kupima dengu. "Ndugu yangu, huku mti hauwekwi kiporo."

Nilicheka. Mwarobaini wa mbele ya studio yangu uko vilevile tangu nazaliwa, na sijawahi kukimbilia mti maishani mwangu.

Jumapili. Jua lilitoka kama vile nimeliagiza. Lakini upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, na nilipofika bustanini nikakuta matawi matupu. Hata jani la dawa halikubaki. Niliona haya, haya hasa, za mtu aliyekwisha kutamba. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumanne.

Dada alinikuta hapo akitoka shifti, sare ya buluu ikichungulia chini ya koti. Hakunisimanga. Aliingia katikati ya majani yaliyojaa chini ya mti, yakimfika vifundoni, akaokota moja akalifuta kwa mkono wa koti.

"Mwaka wa kwanza nililia nilipouona hivi," akasema. "Nilidhani umekufa. Nikamwambia bibi mmoja ninayemtunza, akacheka mpaka akakohoa."

"Ukajuaje haujafa?"

"Nilikuwepo ulipochipua. Mara sita sasa."

Nikamtazama, na maneno ya Mama yakanirudi. Nikafungua stendi upesi upesi. "Baki hapohapo, dada." Nilimpiga picha filamu nzima, akicheka, akirusha majani. Kisha nikamwomba asogee, nikapiga ile sehemu tupu, shina na zulia la dhahabu linalokuja mpaka miguuni pa kamera.

Tanga, wiki tatu baadaye. Mchoraji alinung'unika: "Bosi, ndiyo majani yote yako chini?" Nikamwambia achore hivyohivyo, kitambaa kishuke ukutani mpaka sakafuni, mteja ayakanyage majani. Pazia la namna hiyo jirani hana mpaka leo. Ila nilichojifunza London hakihusu mapazia. Kuna nchi ambako kitu kizuri hupigwa picha kikiwa mbele yako, jua liwepo lisiwepo, na nadhani hata kwetu ni hivyo, ni vile tu miti yetu inatudanganya.

Wa kwanza kusimama kwenye pazia hilo hakuwa bi harusi. Mama alikuja na khanga zake mpya na ile picha ya Mwanaidi mkononi.

"Alisimama wapi?"

Nikamwonyesha, mbele ya shina, katikati. Akavua viatu ukingoni mwa kitambaa, akakanyaga majani taratibu, akasimama pembeni kidogo.

"Mama, sogea katikati."

"Niache," akasema. "Hapo ni pa mwenzangu."

Nikapiga hapohapo.