Neno Nililomnyima

Nilikuwa mkutubi katika chuo kimoja cha utafiti wa bahari, Mji Mkongwe, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatafutia wanafunzi makala za kisayansi kwenye kompyuta. Mwaka mmoja akaja msichana wa Chwaka. Mama yake alilima mwani, na mwani ule ulikuwa ukigeuka mweupe na kukatika kwenye kamba. Alitaka kuandika tasnifu juu ya ugonjwa huo.

Nilimchapishia orodha ndefu. Siku ya pili akairudisha, na mbele ya wenzake akaniambia kwa upole kuwa nusu yake ni habari za sabuni na vipodozi. Wenzake wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, lakini mie lilinikaa rohoni.

Nilijua kosa liko wapi. Nilikuwa nimetafuta mwani, basi, na kompyuta ikazoa kila chenye mwani. Ilitakiwa niandike jina la kisayansi la aina inayolimwa Chwaka, pamoja na jina ambalo wataalamu wameupa ugonjwa ule, halafu nichague somo la maradhi ya mimea ya baharini. Kazi ya dakika tano.

"Dada, hakuna njia ya kuzichuja?" aliniuliza.

"Hakuna," nikamjibu. "Utafiti ndio huo. Kasome zote."

Akazisoma. Wiki baada ya wiki nilimwona mezani, kamusi pembeni, akipiga mistari kwenye makala zisizomhusu. Nikipita nilimuuliza amefika wapi, na, naona haya kusema, nilikuwa nikifurahi.

Siku ya kutetea pendekezo lake la utafiti nilikuwemo ukumbini. Msimamizi wake alifunua marejeo ukurasa kwa ukurasa, akayasoma kwa sauti: krimu ya uso, supu, chakula cha ng'ombe. Kisha akamwambia, "Wewe hujui hata unachokitafuta. Rudi kwenu ukamsaidie mama yako." Watu wakaangua kicheko. Msichana akanitazama mimi, akingoja niseme neno. Nikainamisha macho kwenye simu.

Hakurudi tena chuoni. Baada ya miezi nikashindwa kuvumilia, nikatafuta vilivyo. Nikapata makala kumi na mbili, zote za ugonjwa ule ule, mbili zikihusu pwani yetu hii hii. Nikamtumia kwa simu, pamoja na maelezo ya namna nilivyozipata.

Akajibu: "Ahsante dada. Kumbe ulikuwa unajua. Mama nshamsaidia kung'oa vigingi vya mwani, kaacha kulima."

Ningali kazini pale pale, na wanafunzi wananisifu kwa wepesi wa kutafuta.