Udongo wa Bibi Manka Hautoki

Ukitaka kucheka, cheka, ila usiniambie ni uongo. Sifa yangu naijua. Huku kwenye miwa wananiita Redio, kwa sababu nikikamata panya asubuhi, kufika jioni ameshakuwa chui. Lakini hiki sijakitia chumvi. Labda kidogo pale kwenye matope. Mengine yote yametokea, nilikuwepo, na haya macho mawili yaliona.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja kukata miwa hapa chini ya Moshi, kwenye joto la kuivisha yai mfukoni, nikaoa Mchagga wa Masama, Mama Neema. Sasa wewe oa Mchagga uone. Krismasi si yako tena, ni ya mlima. Hata ukiwa mgonjwa mahututi, Desemba utabebwa na dripu yako upandishwe.

Mwaka mmoja akatupitia shemeji yangu Elibariki, kaka yake Mama Neema, katoka Dar na gari lake jeupe kubwa kama kanisa. Tukapakia watoto, mabegi, na mbuzi wa sikukuu kule nyuma kwenye buti. Shemeji ana maneno huyo! Hata Moshi mjini hatujaiacha, ameshatoa simu ananionyesha mchoro wa nyumba ya wageni atakayojenga kwao.

"Shemeji, mzungu akifungua macho tu, Kibo hii hapa dirishani."

Nikamuuliza, "Kwani kihamba chenu kina nafasi yote hiyo?" Kihamba ndiyo shamba lao la ukoo, humo humo nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya babu zao.

Akacheka. "Nafasi inatafutwa, shemeji. Ardhi haina mdomo."

Hilo neno liweke mfukoni. Tutalihitaji.

Basi mikosi ikaanza. Tairi likapasuka kabla hatujafika Kwa Sadala. Kutafuta jeki, jeki imebaki Dar. Tukaazima kwa wauza ndizi. Tunarudi garini tunakuta mbuzi ametafuna gauni la Krismasi la Neema, kabakiza kola. Mtoto analia, mbuzi anacheua, shemeji anasema tusijali, simu yake imemwonyesha njia ya mkato. Mtu kazaliwa Masama, anaulizia kwao kwenye simu! Njia ya mkato ikatupeleka katikati ya kahawa ya watu. Tunageuza, mvua hiyo.

Matope ya mlimani unayajua? Tembo angezama pale ukabaki mkonga tu unaomba msaada. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Na ilikuwa karibu sana na nyumbani, mfereji mmoja tu katikati.

Mama Neema akashusha watoto. "Sisi tunapanda kwa miguu. Ni hapo juu tu."

"Hapo juu tu" ya Mchagga, niamini, ukifika unaweza kumgongea Mtume Petro. Lakini safari hii alisema kweli. Wakaondoka. Nikabaki mimi nyuma ya gari nasukuma, shemeji kwenye usukani, vioo kafunga, anakanyaga mafuta na kunifokea kama mimi ndiye niliyeleta mvua.

Ukungu ukashuka. Watu wanasema mizimu hutoka usiku wa manane. Nani kawaambia? Huyu alitoka alasiri, watu wanakunywa chai.

Nikamwona mama mmoja anateremka kutoka migombani, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, majani yamemfunika hadi kwenye nyusi. Kavaa gambuti, mguu mmoja nyeusi, mwingine ya kijani. Nikajisemea, Mchagga hatupi kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni mkwe wa hapo juu?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo aliyeshika usukani?"

"Shemeji yangu, Elibariki."

Akauweka sawa mzigo wake kichwani. "Namjua huyo."

Sasa nisikilize hapa. Mimi matope yalikuwa magotini, kila nikivuta mguu unalia *pwaa* kama napigwa busu na ng'ombe. Yule mama anatembea, kimya. Nikatazama gambuti zake. Safi! Zinang'aa kama zimetoka dukani. Na yule mbuzi, aliyepiga kelele tangu Moshi, kanyamaza kama kazibwa mdomo.

Mama akachomoa jani moja refu kutoka kwenye mzigo wake. Jani la sale. Ule mmea Wachagga wanaoupanda mipakani na makaburini, wewe unaona ua, wenzako wanaona sheria. Jani lilikuwa limefungwa fundo. Akaenda dirishani akagonga kioo kwa kidole.

"Elibariki, mwanangu. Nimekuja tena. Pokea."

Shemeji akashusha kioo upana wa kidole, macho yako kwenye kioo cha pembeni, hata hakumtazama. "Mama, kama ni majani weka chini ya tairi!"

"Niweke chini ya tairi?"

"Weka bwana! Unatuchelewesha!"

"Haya," akasema, taratibu kabisa. "Umesema mwenyewe. Na mkwe kasikia."

Akageuka akanitazama. Sikuona hasira. Nilimwona kama mtu aliyesubiri basi siku nzima, sasa amelisikia linapiga honi. Akainama, akalaza lile jani mbele ya tairi, pole pole, unavyolaza mtoto aliyeshikwa na usingizi.

Shemeji akakanyaga mafuta. Jani moja tu, ndugu yangu! Magogo tuliyaweka, mawe tuliyaweka, hata shuka yangu niliitoa. Lakini jani moja, na gari likaruka mbele kama limepigwa teke. Mimi chini, uso mzima tope. Nafuta macho, mama hayupo. Mzigo wa majani haupo. Na kwenye tope kuna alama za miguu yangu peke yake.

Unadhani nilikimbia? Nilitaka. Tope ndilo lilinishika.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapakua mtori. Mtori wa mama mkwe, ukiuonja unasamehe hadi waliokuibia baiskeli. Ndizi zimepondwa laini, nyama imejificha chini, pembeni kuna kiburu, zile ndizi zao za maharage, na kata ya mbege, pombe yao ya ndizi. Nimeshiba, nimepata joto, nikajisemea pale njiani ni njaa tu ilinichezea. Na kwetu aliyekusaidia humsahau. Nikasema, "Mama, tumbakizie na yule mama aliyetukwamua kule mferejini. Yule wa gambuti moja nyeusi na moja ya kijani."

Upawa ukamtoka mkononi.

"Umesema gambuti gani?"

Nikarudia. Mama mkwe akakaa chini. "Huyo ni Manka. Tulimzika baada ya Pasaka. Zile gambuti nilizichoma mimi mwenyewe, nyuma ya hili jiko."

Mama Neema akamgeukia kaka yake. "Eli. Alikwambia nini?"

Shemeji akavuta bakuli lake. Nikajibu mimi, maana mimi ndiye mwenye mdomo. Nikawasimulia jani, fundo, tairi, lote. Mama mkwe akaanza kulia, na hapo ndipo na mimi nikaambiwa.

Bibi Manka alikuwa mke wa baba yao mdogo, mjane ambaye mimi sikuwahi kuonana naye, kihamba chake kimegusana na hiki. Krismasi iliyotangulia, mimi nikiwa zamu huku kwenye miwa, Elibariki aliamka alfajiri akang'oa masale ya mpakani, akayapanda upya ndani kabisa ya migomba ya yule bibi. Alitaka ile sehemu inayoiona Kibo. Bibi Manka hakwenda kwa mwenyekiti wala hakutukana. Alikuja na jani la sale lililofungwa fundo, mbele ya ukoo mzima. Aliyeonewa ndiye aliyekuja kuomba amani! Na kwa Wachagga jani hilo ukiletewa, umekwisha, unapokea, hata kama mtu kakuulia ng'ombe. Elibariki alilichukua kwa mkono mmoja akawatupia mbuzi, watu wanatazama. Bibi akarudi kwake. Hakuongea tena na mtu hadi wanamzika.

"Mama, hizo ni hadithi," shemeji akasema. Akachota mtori. *Kwaru.* Tulisikia wote. Akatema mchanga. Akachukua bakuli la Mama Neema, lile lile dada yake alilokuwa anakulia. *Kwaru.*

"Na hebu kanawe miguu," mama mkwe akamwambia. "Angalia sakafu yangu."

"Nimenawa, mama!"

Alikuwa amenawa, mimi ndiye niliyemmiminia maji. Lakini kutoka mlangoni hadi mezani palikuwa na nyayo za tope bichi, na kwenye visigino udongo mwekundu ulikuwa unachuruzika, kama jasho.

Alinawa tena. Akasugua kwa jiwe, kwa sabuni ya unga, kwa mafuta ya taa. Ukikausha, unarudi.

Akakimbilia Dar akidhani udongo hauwezi kupanda gari. Umepanda! Nyumba ya vigae vyeupe, mkewe akaamka akakuta nyayo za Masama kutoka kitandani hadi kwenye friji. Siku hizi analazwa barazani. Kanisani kwao, yule anayesafisha zulia amehama dhehebu. Nacheka, ndiyo. Ila usiku mmoja alinipigia simu, mwanaume mzima, analia: "Shemeji, unanuka kahawa. Huu udongo unanuka kahawa ya Bibi Manka." Hapo sikucheka.

Akarudi mlimani. Akang'oa masale kwa mikono yake, akayarudisha yalipokuwa, na ile picha ya nyumba ya wageni akaifuta. Akaenda na jani la sale kwa Upendo, binti wa Bibi Manka, anayekaa pale na ng'ombe wake. Akapiga magoti kwenye tope hilo hilo.

Upendo akalipokea kwa mikono miwili. "Amani, kaka."

Tukapiga vigelegele. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa Kichagga, kirefu. Elibariki akainuka, akapiga hatua moja kwenye saruji ya baraza. Tope bichi.

Upendo akaitazama ile alama, akatingisha kichwa. "Mimi nimepokea. Mama ndiye hajapokea."

Elibariki akapeleka sale jingine kaburini kwa Bibi Manka, akalipanda, akalimwagilia. Asubuhi tunalikuta kwenye zizi la mbuzi, limetafunwa, na zizi limefungwa kwa nje. Akapanda jingine, akaliwekea mawe. Zizini. Jingine akalizungushia waya. Zizini, na waya umebaki kaburini, haujapinda hata kidogo. Kila akija anapanda, kila asubuhi mbuzi wanacheua. Wamenenepa hao mbuzi, wanatembea kama wabunge.

Mimi tope la siku ile lilinipaka hadi masikioni. Langu lilitoka kwa maji baridi, ndoo moja. Ndiyo maana nakwambia Bibi Manka hakukosea mtu.

Kwa hiyo wewe unayepanda mlimani na gari lako la kiyoyozi, ukigongewa kioo na mama mwenye mzigo wa majani, shusha kioo chote. Mtazame usoni, mwamkie. Akikupa jani, pokea kwa mikono miwili hata kama hujui ni la nini. Na kama umeshasogeza mpaka wa mtu, rudisha leo, mwenyewe angali hai akusamehe.

Shemeji alisema ardhi haina mdomo. Kweli, haina. Ila ina miguu, na inatembelea ya huyo shemeji.