Nilitaka Kitatange Mkubwa Kabla Kaka Hajafika

Wacha niseme tu, nisije nikapasuka: tangi la binti yangu nililiharibu mimi. Si duka, si maji, si Marekani. Ni mimi na kiburi changu.

Tunaishi Columbus, upande wa Northland. Binti yangu Wakesho, miaka kumi na mitatu, alikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi pale sebuleni. Humo alifuga wawili wadogo wa rangi ya chungwa, waliokuwa wakikifuata kidole chake kwenye kioo. Alipoona wametulia, akaomba kitatange, yule wa milia ya njano na buluu.

Alikuwa ameshasoma kila kitu. Akanieleza kwamba mdogo sana hudhoofika upesi, na mkubwa aliyekulia baharini huwa hakubali chakula cha dukani. "Medium, Dad. Like my hand." Akanionyesha kiganja chake.

Tatizo ni kwamba kitatange wa kiganja bado hajageuka rangi vizuri, ile milia ya njano haijakolea. Na kaka yangu mkubwa, anayekaa Amherst kule Buffalo, alikuwa anakuja kwetu Jumamosi ya Pasaka. Huyu kaka ana nyumba kubwa, gari kubwa, na mdomo mkubwa kuliko vyote viwili. Nilitaka aingie sebuleni anyamaze, hata kidogo tu.

Basi pale dukani Clintonville, mtoto ameinama anawatazama wale wa kiasi, mimi nikanyoosha kidole kwa babu yao, mpana kama sahani ya pilau. Wakesho akanivuta shati. Nikamwambia, "Kwani kwetu mgeni anachinjiwa kifaranga?" Nikajiona nimesema la maana!

Babu hakula. Tulimpa uduvi, tukampa mwani, akatugeuzia mgongo. Mtoto akapiga simu dukani mwenyewe, wakakubali tumrudishe. Nikakataa. Nikasema mgeni halazimishwi chakula, ana haya, atazoea. Nilikuwa najua kabisa kinachonizuia ni kwamba Jumamosi haijafika. Mungu anisamehe.

"He's starving, Dad."

"Muache, nimesema."

Kaka akafika. Akalitazama tangi, nami nimesimama kifua mbele. "Aisee, uko na samaki mzuri. Lakini mbona amelala upande kama mtu ametoka night shift?" Akacheka, akaketi, akauliza chai iko wapi. Ndiyo sifa niliyoipata, hiyo tu!

Jumapili tulitoka mapema kwenda kanisani, tukala hukohuko, tukamsindikiza kaka. Tuliporudi, babu alikuwa amekufa nyuma ya jiwe, huenda tangu usiku, na maji yalikuwa meupe, yananuka. Wale wawili wa chungwa walikuwa wanaelea.

Wakesho hakulia. Aliwatoa wale wake kwa mkono, taratibu. Yule mkubwa akaniachia mimi.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Mkimnunulia mtoto kitatange, chukueni wa kiasi, mumwone akila palepale dukani kabla hamjamfunga kwenye mfuko. Akigoma kula nyumbani na duka likakubali, mrudisheni siku hiyohiyo. Na kama kuna ndugu mnataka kumziba mdomo, mzibeni kwa chapati, samaki wa mtoto muwaache.

Tangi bado lipo, pampu inanguruma ndani ya maji matupu, na kila nikitoka kazini naikuta inanguruma. Juzi nikambembeleza Wakesho twende dukani, safari hii achague mwenyewe. Mtoto huyu hunijibu Kiingereza tangu chekechea, nimemgombeza mpaka nimechoka. Juzi alinijibu kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, bila kuniangalia.

"Hapana, Baba. Chukua tu yule unayemtaka wewe."